Upande wa Nyuma wa Tiketi

Jumapili, 3 Machi

Daftari hili nililinunua ili niandike tiketi zilizoharibika, likakaa kabatini miaka miwili. Leo nimelianza kwa sababu nyingine. Kuna mtu nyumbani, na mimi nimezoea kuongea peke yangu. Sasa itabidi niongee humu.

Wifi yangu amehamia. Mume wake, mdogo wangu, yuko mbali kwenye kazi ya ujenzi wa barabara, na wifi amepata nafasi ya kufundisha hesabu shule ya mlimani, kwa majaribio ya muhula mmoja. Nyumba yangu iko jirani na stendi ya mabasi ninapokata tiketi, basi wakaona hapa ndipo panapofaa. Waliniuliza, lakini waliniuliza kama mtu anayeulizwa chai wakati maji yameshachemka.

Anatumia kiti cha magurudumu tangu utotoni. Ilipofika jioni, mkeka wa mlangoni ulikuwa umekunjwa, ndoo za maji zimehamia kushoto, na visu vyangu vimeshushwa kutoka kwenye msumari ambao hata mimi naufikia kwa kuchuchumia. "Umehamisha nyumba nzima na hujainuka," nikamwambia. Akacheka mpaka akafuta macho. Mimi nilitaka akasirike kidogo.

Jumatatu, 4 Machi

Amekuja dirishani saa kumi na mbili asubuhi kama abiria wengine. Nikamwandikia kama tunavyoandika siku zote kwa mwenye gunia, mwenye godoro na mwenye kiti: Abiria 1, mzigo 1. Nauli mbili.

Akaisoma tiketi. "Wifi, mzigo ni nini hapa?"

"Kiti."

"Ahaa," akasema, akaikunja akaitia kwenye pochi. Hakubisha. Afadhali, maana dirishani sina ndugu, na miaka kumi na tisa hakuna aliyewahi kusema nampendelea mtu.

Jumatano, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Dirisha linavuja palepale linapovuja kila mwaka.

Ijumaa, 8 Machi

Leo nimemtazama anavyopandishwa. Dereva wa basi la kwanza, tunayemwita Taratibu kwa sababu hajui neno hilo, anashika upande mmoja, kondakta wake upande wa pili. Siku ya kwanza walimbeba kama kabati. Sasa anawafundisha. "Shika chuma cha chini. Hapo ni tairi, litageuka. Mkono wako kwapani hauna kazi, utoe." Anasema kwa sauti ileile ambayo nadhani anaitumia kwa wanafunzi wa mstari wa nyuma. Taratibu, ambaye hata trafiki hawamwelekezi, alitoa mkono.

Jumatano, 13 Machi

Amechelewa kazini.

Kondakta wa Taratibu hakuja leo, na abiria wote waligeuka kutazama mvua. Taratibu akasema mgongo wake si mali ya umma, akaondoka. Basi la pili lilimpita. La tatu likamchukua. Mimi niliyaona yote kutoka dirishani, nikaendelea kukata tiketi.

Jioni akanieleza habari ya mstari mwekundu. Kila asubuhi, ikifika saa moja na nusu, mwalimu mkuu anapiga mstari mwekundu kwenye kitabu cha mahudhurio. Aliye juu ya mstari amewahi, aliye chini amechelewa. Mwalimu wa majaribio akiandikwa chini mara tatu kwa muhula, hapewi barua ya ajira. Leo ni mara ya kwanza.

"Na wewe umekaa tu unasahihisha madaftari?" nikamuuliza.

"Sasa wifi, nisiposahihisha ndiyo jina litapanda juu?"

Nilimkasirikia. Nikafua mashuka ambayo hayakuwa machafu.

Jumapili, 17 Machi

Nimemshauri akodi gari dogo, limchukue mlangoni kila siku. Amenionyesha kwenye karatasi kwamba mshahara wote ungeishia humo. "Nitakuwa nafundisha ili nipate gari la kunipeleka kufundisha," akasema. Nimemkaangia yai.

Jumanne, 19 Machi

Mvua. Hakuna jipya.

Jumamosi, 23 Machi

Leo nimemwona akifanya jambo ambalo wenye mabasi hawajaliweza miaka yote: amemshawishi Taratibu. Hakumwomba. Alimuuliza mgongo unaendeleaje. Taratibu akajieleza kwa robo saa nzima. Wifi akamwachia amalize, kisha akasema, "Kukiwa na ubao wa chuma wa kupandia, wa kufunga chini ya basi, hutaninyanyua tena. Nitapanda mwenyewe." Taratibu akakuna kidevu. Akasema kama ni kwa ajili ya mgongo wake, ataufikiria. Baada ya chakula cha mchana alikuwa kwa fundi wa kuchomelea, nyuma ya stendi, anachagua chuma.

Jumatano, 27 Machi

Fundi amekuja nyumbani jioni kupima kiti. Amepima urefu, upana, magurudumu ya mbele na ya nyuma, akaandika kwenye kiganja. Wifi alikuwa kitandani na homa kidogo, kwa hiyo kiti kilikuwa kitupu. Fundi ni mtu makini, hata chai hakunywa.

Jumanne, 2 Aprili

Siku ya ubao. Stendi nzima ilikuja kutazama, hata wauza karanga. Ubao ni mzuri: una vijikuta vya chuma pande mbili ili magurudumu yasiteleze nje. Wifi akajipanga, akashika magurudumu, akasukuma. Akapanda nusu kwa nguvu, na watu wakaanza kupiga makofi. Kisha nikaona damu.

Fundi alipima kiti. Hakupima mikono inayokiendesha. Kati ya gurudumu na kijikuta hakuna nafasi hata ya kidole, na vifundo vya mikono yote miwili vimechunika. Wifi hakurudi nyuma. Alimalizia kupanda, akageuka ndani ya basi, akamwambia fundi, "Kazi nzuri. Imebaki mikono tu."

Walikaa kumfunga vitambaa, muda ukapita. Jina limeingia chini ya mstari mwekundu mara ya pili. Nafasi za kuchelewa amebakiwa na sifuri, kama anavyosema yeye. Amefundisha kutwa akishika chaki kwa ncha za vidole.

Fundi alikuja jioni akasimama uani, hataki kuingia. Wifi akamwita, akampa tepu ya kupimia, akakaa kwenye kiti, akatanua viwiko. "Sasa pima mtu," akamwambia. Fundi akapima polepole, mara mbili. Mimi nilikuwa jikoni. Nimekata kitunguu ambacho hakikuhitajika, ili niwe na sababu ya macho yangu.

Alhamisi, 4 Aprili

Ubao umerekebishwa. Amepanda peke yake, kwa hesabu yake mwenyewe sekunde kumi na nne. Taratibu ananyoosha mgongo mbele ya watu kama aliyeponywa.

Ijumaa, 12 Aprili

Wiki nzima juu ya mstari. Nimeanza kumngojea kwa hamu jioni ili anisimulie wanafunzi wake. Kuna mmoja anayeogopa sehemu, anasema namba iliyovunjika haina raha. Wifi anamwita Mheshimiwa Mzima.

Jumanne, 16 Aprili

Leo nimeona haya, na nitaandika ilivyokuwa.

Mwenyekiti wa chama cha wenye mabasi alikuja stendi asubuhi. Akauona ubao chini ya basi la Taratibu, akauliza ni wa nani. Akaambiwa. Akaja dirishani kwangu, akainama. "Ubao nao unasafiri," akasema. "Kinachosafiri kinalipa. Andika."

Na mimi nikaandika. Abiria 1, mizigo 2. Nauli tatu. Mkono wangu ulifanya kazi yake kama kawaida, herufi zimesimama vizuri.

Wifi akaipokea, akaisoma, akanitazama. "Wifi yangu, tumekuwa wengi," akasema. Akalipa. Alipoondoka sikuweza kumhudumia mtu aliyefuata mpaka aliponigongea dirisha.

Alhamisi, 18 Aprili

Mvua kubwa. Nyumbani tunaongea habari za chumvi na mafuta ya taa.

Jumamosi, 20 Aprili

Asubuhi nilimkuta mezani amepanga tiketi zake zote tangu mwezi wa tatu. Hakutupa hata moja. Nikadhani anahesabu alicholipa, nikajiandaa kulaumiwa. Kumbe alikuwa amezigeuza kifudifudi.

"Umewahi kusoma huku nyuma?"

Miaka kumi na tisa nimechana tiketi hizi. Nikamwambia huko kuna mhuri wa mpiga chapa na maneno madogo madogo. Akanisomea maneno madogo madogo.

Moja, mzigo uliolipiwa utapakiwa na kushushwa na watumishi wa gari. Mbili, mzigo uliolipiwa utafunikwa mvua inaponyesha. Tatu, mzigo uliolipiwa usipofika kwa wakati, mwenye gari atarudisha nauli yote.

"Kiti changu kimelipiwa kila siku," akasema. "Siku Taratibu alipokiacha kwenye mvua, alivunja ya kwanza, ya pili na ya tatu kwa mpigo." Aliongea taratibu, kama mtu aliyepata jibu na sasa anaangalia njia aliyopita. "Nataka niingie kwenye mkutano wa wenye mabasi. Wewe ndiye unayewaandikia ajenda."

Nikakataa. Nilimwambia tiketi zote zina mwandiko wangu, mwenyekiti atanifukuza kabla chai ya mkutano haijapoa, na umri wangu si wa kutafuta kazi. Yote ni kweli. Akasema, "Nimekuelewa, wifi," na kibaya ni kwamba alinielewa.

Jumatatu, 22 Aprili

Abiria 1, mizigo 2.

Jumanne, 23 Aprili

Abiria 1, mizigo 2.

Jumatano, 24 Aprili

Abiria 1, mizigo 2. Leo hakuipokea kwa vidole, vidonda vya vifundo vimefunguka tena kwa baridi. Aliipokea kwa viganja viwili, kama mtu anayepokea maji. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu, kikavu, chenye mto niliouleta kutoka nyumbani. Kwa nini changu hakilipi?

Alhamisi, 25 Aprili

Nimepiga chapa ajenda ya mkutano wa tarehe nne. Kufungua, kumbukumbu za mkutano uliopita, bei ya matairi, choo cha stendi. Mwisho kuna Mengineyo, ambayo huwa naiacha wazi kwa sababu wakifika hapo wameshachoka. Nimeandika: Mengineyo, mwalimu wa hesabu. Mwenyekiti akaisaini bila kusoma. Na yeye hasomi mpaka chini.

Nilipomwambia wifi, akauliza kama nina hakika. Nikamwambia sina, aharakishe kabla sijabadilika.

Jumamosi, 4 Mei

Nimechoka lakini lazima niandike leo, kesho nitaanza kupamba.

Ofisi ya chama ina ngazi tatu. Miaka yote nimezipanda sijaziona. Wifi alifika mbele yake mvua ikinyesha, na mwenyekiti akatokea mlangoni na karatasi ya ajenda mkononi, ameshajua Mengineyo ni nani. Akamwambia kwa upole kabisa kwamba kwa sababu ya ngazi, amtume mtu amwakilishe.

Wifi aligeuza shingo kumtazama Taratibu, aliyekuwa ameegesha basi kando ya barabara na kujifanya anasafisha kioo katikati ya mvua. Taratibu akaufungua ubao, akaubeba begani, mgongo ule ule wa maneno mengi, akaulaza juu ya ngazi tatu. Mwinuko ulikuwa mkali mno. "Nisukume kwa nyuma, usininyanyue," wifi akamwambia. Akasukuma. Wakapanda polepole, maji yanatiririka kwenye chuma, na mwenyekiti ikabidi arudi nyuma kwa sababu alikuwa amesimama njiani.

Ndani kulikuwa na watu saba, wenye mabasi. Wifi hakupaza sauti. Alitoa tiketi, akazigawa mezani kama karatasi za mtihani, tatu kwa kila mtu. "Someni mbele," akasema. Wakasoma. "Sasa geuzeni." Nilisikia karatasi zikigeuzwa zote kwa pamoja.

"Sikuja kuwalaumu," akasema. "Nimekuja na swali moja lenye majibu mawili, na jibu lolote mtakalochagua nitalikubali. Kiti changu ni mzigo, au si mzigo? Kama ni mzigo, basi kuanzia Jumatatu watumishi wenu watakipakia, watakishusha, watakifunika mvua ikinyesha, na kila siku nitakapochelewa mtanirudishia nauli. Na kila mwenye kiti mji huu atapata hayo hayo, nitawapitia mmoja mmoja niwaambie. Kama si mzigo, msikitoze."

Mwenyekiti akasema hizo ni sheria za zamani, zilichapwa na watu wengine. Akaziinua tiketi kuziangalia kwenye mwanga. "Na huu mwandiko ni wa nani? Nani kaandika mizigo miwili?"

Aliuliza ili atafute wa kumtupia lawama. Wifi alikuwa anajua jibu na hakusema. Alikunja mikono yake yenye makovu mapajani akatazama meza. Alikuwa tayari kupoteza swali lake kuliko kunitaja.

Nikasimama. Nilikuwa mwisho wa meza na daftari la kumbukumbu za mkutano. "Wangu," nikasema. "Zote nimeandika mimi. Ya kiti nimeiandika miaka kumi na tisa kwa sababu nilikuta inaandikwa. Ya ubao niliandika kwa sababu uliniambia niandike, mwenyekiti. Na zote mbili nimeziandika kwa huyu, ambaye anakula sahani moja na mimi."

Mama mmoja mwenye mabasi matatu, mtu asiyecheka, akaanza kucheka. Akasema, "Mwenyekiti, tumejifunga wenyewe kwa kamba yetu. Tena tumeilipia kuichapa." Wengine wakacheka kwa shida. Mmoja alichukua kofia akatoka. Waliobaki wakapiga kura kwa mikono, watano kwa mmoja: kiti si mzigo, ubao si mzigo, na mama yule akasema mabasi yake mawili kati ya matatu yatawekwa ubao, fundi aje Jumatatu. Apime mikono, nikaongeza. Hawakuelewa, lakini niliandika kwenye kumbukumbu.

Mwenyekiti alinisubiri mlangoni. "Wewe ndiye uliyeandika Mengineyo."

"Na wewe ndiye uliyesaini," nikamjibu. Sijui maneno hayo niliyapata wapi. Mpaka sasa miguu inatetemeka. Wifi anasema ikitetemeka sana niitoze nauli.

Jumatatu, 6 Mei

Abiria 1. Niliandika, nikabaki nimeshika kalamu kwa sababu mkono ulizoea kuendelea.

Jumanne, 21 Mei

Mvua imevunja barabara ya mlimani. Mfereji umekula njia mbele ya shule, basi likasimama upande wa huku. Najua kwa sababu nilikuwa ndani. Asubuhi niliona mawingu, nikafunga dirisha, nikabandika karatasi, nikapanda naye. Miaka kumi na tisa nimewaandikia watu safari ya huko, leo ndiyo nimejua kuna kona nne.

Ilikuwa saa moja na dakika kumi na tisa. Nikamwambia nimbebe mgongoni. "Ukinibeba tutafika wawili bila kiti," akasema. "Nitafundisha nimekaa wapi?" Akaangalia mfereji, akafumba jicho moja. "Mita moja na nusu. Ubao una mbili." Taratibu alikuwa ameshaufungua kabla hajamaliza. Abiria wanne wakashika pembe, wakaulaza juu ya maji, wakasimama matopeni kuushikilia. Akavuka na mikono yake mwenyewe, matone ya mvua puani, anahesabu kwa sauti. Mimi nilivuka baada yake, kwa kutambaa, na sitaki mtu aniulize.

Mwalimu mkuu alikuwa na kalamu nyekundu mkononi. Wifi akaandika jina lake. Saa moja na dakika ishirini na nane. Mwalimu mkuu akaliangalia tope lililojaa magurudumu, akaniangalia mimi nilivyo, akangoja dakika zake mbili zitimie, ndipo akapiga mstari. Chini ya jina la wifi yangu.

Nilirudi stendi nikakuta foleni imezunguka jengo. Watu walinung'unika. Nikawaambia nilikuwa kazini.

Ijumaa, 31 Mei

Barua ya ajira imetoka. Ameisoma mbele na nyuma, kwa utani, nyuma ilikuwa tupu. Mdogo wangu amepiga simu akalia, nami nikamwambia aache kulia anamaliza salio. Nilikuwa nimepanga kumwambia wifi kwamba nyumba hii ni yake mpaka atakapotaka. Nikaishia kumwambia visu vibaki hapo chini vilipo, nimevizoea. Alielewa.

Jumatatu, 3 Juni

Jua. Tiketi mpya zimefika kutoka kwa mpiga chapa, na wino bado unanuka. Nyuma kuna sheria ya nne, wifi ndiye aliyeipanga maneno yake.

Saa nne hivi alikuja mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, kasukumwa na binti yake. Sijawahi kumwona stendi, na anasema anaishi mtaa wa pili. Binti alikuwa na nauli ya watu watatu mkononi, ameishika kama mtu aliyejiandaa kubishana. Nikaandika, nikampa mzee mwenyewe.

"Abiria wawili," binti akasoma. "Na kiti je?"

"Geuza," nikamwambia.

Mzee akaichukua, akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno moja moja: "Kiti cha magurudumu ni miguu ya abiria, na miguu hailipiwi." Akarudi mwanzo akaisoma tena. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu na mtu akaanza kugonga sarafu kwenye ukuta. Nikaweka kalamu chini, nikamwacha mzee asome.